Ukigongwa na gari la Serikali, unaweza kudai fidia?

Msikilizaji, chukua mfano huu. Kijana wa bodaboda anatoka Mnero kwenda Nachingwea mjini, gari la halmashauri linahama upande wake na kumgonga. Anazinduka baada ya siku kadhaa, mguu unapona, nyumbani wanamshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye mama yake anagundua mwanawe anasahau jina la mdogo wake, anafoka bila sababu, hawezi tena kuhesabu chenji. Kumbe ubongo nao uliumia. Je, Serikali inashtakiwa?

Inashtakiwa. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inaifanya Serikali iwajibike kwa uzembe wa mtumishi wake akiwa kazini, kama mwajiri mwingine yeyote. Shikilia hayo maneno "akiwa kazini". Dereva aliyechukua gari kwenda harusini kwa shemeji yake ni habari nyingine, na mawakili wa Serikali watalikamata hilo. Kwa hiyo andika mapema: saa ngapi, nani alikuwa ndani, walikuwa wanakwenda wapi. Tazama na namba. ST ni Serikali Kuu, SM ni serikali za mitaa, SU ni mashirika ya umma.

Zamani ilibidi Serikali yenyewe itoe kibali ndipo uishtaki, yaani umwombe mwenye kosa ruhusa. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake, ilisema sharti hilo linavunja Katiba. Badala yake ikaja notisi ya siku 90. Unaiandikia taasisi husika, unaeleza msingi wa madai yako, na nakala inakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha bila maelewano, ndipo unafungua shauri.

Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huu unazihusu pia halmashauri, vijiji, wakala na mashirika ya umma, na ni lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye shauri. Ukimwacha, shauri linaharibika hata kama una haki. Vilevile usilipeleke Mahakama ya Wilaya kwa sababu iko karibu. Madai dhidi ya Serikali husikilizwa Mahakama Kuu, na kwetu sisi wa Nachingwea na Ruangwa hiyo ni Kanda ya Mtwara. Nauli inauma, najua.

Muda wa kudai fidia ya uzembe kwa kawaida ni miaka mitatu. Ni mirefu kwa kuisikia, lakini mwaka wa kwanza wote unaishia kwenye matibabu. Mgonjwa asiyeweza kujisemea si lazima asimame mwenyewe. Sheria inaruhusu ndugu au mtu wake wa karibu afungue shauri kwa niaba yake.

Sasa jambo ninaloliogopa zaidi. Wiki ya kwanza watu huja na pole, mchele na bahasha, kisha wanatoa karatasi ya kusema familia haina madai. Pokeeni pole. Msisaini. Jeraha la kichwa halionyeshi ukubwa wake wiki ya kwanza, na mguu uliopona haukuambii chochote kuhusu kumbukumbu.

Tunzeni PF3, kadi ya hospitali ya Mnero, majibu ya CT scan kama alipelekwa Mtwara au MOI Dar es Salaam, na kila risiti. Mwombeni daktari aandike kuhusu kumbukumbu, usemi na tabia, si mifupa tu. Stakabadhi za AMCOS za korosho na ufuta zinaonyesha alikuwa akipata nini kabla ya ajali. Jirani aliyemjua zamani na anayemwona leo ni shahidi mzuri kuliko mnavyodhani. Dereva akitiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki, ombeni nakala ya hukumu.

Mkishinda, msitarajie dalali akakamate gari la Serikali, sheria hairuhusu. Mahakama hutoa hati ya kiasi kinachodaiwa, mnaipeleka kwa ofisi husika ilipe, na hapo subira inahitajika tena.

Wakili ni gharama, lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Ndiyo, hata kama gari lililogonga ni la halmashauri hiyohiyo.