Mikataba ya Wateja Ndani ya Kompyuta

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya al-Baqara, ni aya ya deni: yawaamuru waumini wanaokopeshana kwa muda maalumu waliandike deni hilo mbele ya mashahidi, karani aliandike kwa uadilifu, wala wasichoke kuliandika, dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Wafanyabiashara wa pwani yetu waliolelewa katika elimu hiyo walitambua kwamba mkataba husimama juu ya ahadi na muda pamoja. Na la kusikitisha ni kwamba katika kampuni nyingi za zama hizi, zenye kompyuta juu ya kila meza, ahadi imefungiwa kabatini kwa heshima zote, ilhali muda wake haukumbukwi na mtu mpaka umekwisha kupita.

Wengi hudhani wameondokana na taksiri hiyo wanapoipitisha mikataba yao katika skana na kuiweka ndani ya folda. Picha ya waraka haimzindui mtu. Programu ya biashara, iwe SAP, iliyoasisiwa Ujerumani mwaka 1972, au Odoo ya Ubelgiji, ambayo hata kampuni ndogo yaweza kuimudu, hutaka mkataba uchambuliwe kiungo kwa kiungo: mteja, bei, sharti la kupandisha bei, siku ya kuanza, siku ya kwisha, muda wa notisi, kila kimoja katika nafasi yake, ili kiweze kuhesabiwa. Chukua mkataba wa mwaka mmoja unaojihuisha wenyewe usipositishwa kwa notisi ya siku 90: ukiwa wamalizika 31 Desemba, siku yenye kuamua mambo ni 2 Oktoba, na muuzaji mwenye mkataba huo kabatini aghalabu huikumbuka mwezi wa Novemba, amekwisha fungwa mwaka mwingine kwa bei ya zamani. Kadhalika mteja aliyepewa bei nafuu kwa sababu ameahidi kununua tani 500 za saruji kwa mwaka: kila oda yake inapoingizwa, programu huipunguza katika kiasi kilichoahidiwa, na muuzaji huona mapema kama ahadi yatimizwa au unafuu umetolewa bure.

Lipo jambo ambalo lastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa wenye biashara wengi hulisikia kwa wakaguzi wa hesabu tu, tena kwa kuchelewa. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, iliyotolewa Mei 2014 na kuanza kutumika 1 Januari 2018, hutaka mapato yafuate ahadi zilizotimizwa. Tuseme muuzaji wa majenereta mjini Dar es Salaam amemuuzia mwenye hoteli jenereta moja pamoja na matengenezo ya miaka miwili kwa jumla ya shilingi milioni 45, kodi tukiiacha kando, ilhali jenereta peke yake angeliliuza kwa milioni 40 na matengenezo peke yake kwa milioni 10. Kanuni yamtaka azitenge ahadi hizo mbili na kuigawa bei kwa uwiano wake: milioni 36 ni za jenereta, nazo huwa mapato siku mteja anapokabidhiwa, milioni 9 ni za matengenezo, nazo huchumwa shilingi 375,000 kila mwezi kwa miezi 24, hata kama mteja alilipa fedha zote siku ya kwanza. Kiasi kisichochumwa bado huandikwa kuwa dhima, na mimi naona insafu kubwa katika jambo hilo, kwa maana fedha ya kazi ambayo haijafanywa ni amana ya mteja mikononi mwa muuzaji. Mkataba mmoja wa namna hii waweza kuhesabiwa kwa kalamu. Mikataba mia tatu, ambayo nusu yake imekwisha kuongezewa au kupunguziwa masharti, humshinda mhasibu hodari, lakini programu huimaliza kwa dakika chache, maadamu taarifa zilizoingizwa ni sahihi.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Zipo sasa programu zinazousoma waraka zenyewe na kupendekeza tarehe na bei, nami sizikatai, ila sharti mtu mwenye kuifahamu biashara aulinganishe mkataba wote na kilichoandikwa, hasa pale penye nyongeza iliyobadili ibara moja na kuziacha nyingine. Nyongeza isiyofungamanishwa na mkataba wake mama huleta ugomvi wa wazi: idara ya mauzo yadai kwa bei mpya, mhasibu atoa ankara kwa bei ya zamani, na mteja awaonesha wote wawili waraka wa tatu. Tanzania, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu na saini za kielektroniki zatambuliwa kisheria. Kwa hiyo programu isiyohifadhi nani alibadili nini, na lini, yamnyima mwenyewe ushahidi wake.

Mkataba uliokwisha nao usifutwe kwa pupa, kwani Tanzania na Kenya madai ya mkataba kwa kawaida yaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6. Wala usiwekwe milele pamoja na habari za faragha za watu, kwa kuwa Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022.

Na anayetaka kuanza, aanze kwa kuuliza tahadhari za programu zamfikia nani. Mara nyingi hupelekwa katika barua pepe ya mtu mmoja aliyeuingiza mkataba, naye akihama kazi, programu huendelea kwa uaminifu kumwarifu mtu asiyekuwapo. Tahadhari zipelekwe kwa cheo, si kwa jina, na zimfikie mtu wa pili mwenye mamlaka ya kusema na mteja, siku 30 kabla ya mwisho wa kutoa notisi.