Usimikaji wa Mfumo Endeshi na Lugha ya Maswali Yake

Mfumo endeshi ndio programu mama inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Kuusimika huhitaji programu nyingine, ambayo humwuliza mtumiaji maswali. Swali zito kuliko yote ni la kuigawa diski: jibu likikosewa, tasnifu na nyaraka zote zilizohifadhiwa humo zaweza kupotea.

Mfano wa marekebisho ni Ubuntu. Toleo lake la 6.06, la mwaka 2006, lilimwezesha mtumiaji kuujaribu mfumo kutoka katika sidii bila kuigusa diski, kisha kuusimika kwa kujibu maswali machache. Katika toleo la 10.10, la mwaka 2010, swali la diski likishajibiwa, mafaili yalianza kunakiliwa huku maswali mengine yakiendelea. Hivyo muda wa kungoja ukapungua.

Hata hivyo, wepesi si kasi tu. Neno “gawa” peke yake halimtahadharishi msomaji; sentensi “kila kilichomo katika diski hii kitafutwa” humtahadharisha. Kwa hiyo mfasiri wa maswali hayo hana budi kutaja matokeo ya jibu, wala si jina la kitendo pekee, kabla mtumiaji hajathibitisha.