Mwana Kipenzi Arudi Nyumbani

Likizo inapokaribia kila mmoja wetu huwaza jinsi atakavyopokelewa kwao. Kwa hiyo napenda kuwaelezeni mchezo mmoja wa kuchekesha wa Ayalandi, uitwao The Whiteheaded Boy. Aliyeutunga ni Bwana Lennox Robinson, mtu wa upande wa Cork, nao ulichezwa kwanza katika Abbey Theatre, mjini Dublin, Desemba 1916. Kwa usemi wa huko, mtoto wa kichwa cheupe ni yule apendwaye kupita wenziwe. Sisi tungesema mwana kipenzi.

Kipenzi huyo ni Denis. Mama yake ni mjane, na jamaa wanaishi kwa duka katika kijiji cha shamba. Denis amepelekwa Dublin kusomea udaktari. George, kaka yake, ndiye alipaye. Dada yake Jane anangoja kuolewa, na mdogo wao wa kike anataka kwenda kujifunza kazi, lakini fedha zote ni za Denis. Basi Denis arudi, naye ameanguka mtihani, wala si mara ya kwanza.

Kichekesho hasa hakimo katika kuanguka, kimo katika kuficha. George akata shauri Denis apelekwe Kanada, na majirani waambiwe kwamba amepata kazi kubwa huko! Baba wa mchumba wake, mkuu wa posta, hadanganyiki. Adai fidia kwa uchumba uliovunjwa. Denis naye amwoa yule msichana kwa siri, kisha ashika kibarua. Jamaa waona aibu kuu, nao wafungua mifuko tena ili aiache kazi ile. Hata maelezo ya jukwaani yameandikwa kama jirani anayekusimulia habari za watu, jambo lililonifurahisha sana.

Denis ajitetea kwamba hakuomba kamwe kufanywa mtu mkubwa. Tulipofika hapo darasani tulicheka sote. Mimi nilinyamaza mbele ya wengine. Kwetu ni Paya, na kaka yangu aliacha shule ili ng'ombe aliyeuzwa atoshe karo ya mmoja. Mpaka leo nikirudi yeye ndiye anibebeaye sanduku kutoka barabarani, wala haniulizi habari za mtihani. Naona Bwana Robinson amempendelea Denis mno kama mama yake alivyompendelea: George abaki na hesabu tu.

Kuna wasemao michezo ya namna hii ni ya Wazungu. Sivyo. Katika miaka ya 1950 wanafunzi wa Alliance High School, kule Kikuyu, walitunga michezo yao kwa Kiswahili, na Nakupenda Lakini wa Henry Kuria ulipigwa chapa 1957. Basi na wa Padhola waweza kutungwa: uani mbuzi amefungwa kwa ajili ya mgeni, mgeni ana matokeo mfukoni, na mama anawaita majirani. Nikiutunga mimi, wa kwanza kusema atakuwa kaka.