Rusizi I na Watoto: Uvuke Daraja au Ubaki Cyangugu?

Mzazi wa Kamembe, huku Rwanda, anayetaka watoto wake wauone mji wa kale wa Kizungu hana haja ya kupanda ndege. Ng'ambo ya daraja la Rusizi I ipo Bukavu ya Kongo, ambayo Wabelgiji waliiita Costermansville hadi miaka ya 1950. Kwenye rasi zake walijenga majumba ya mtindo wa Art Deco, yenye kona za mviringo na roshani zinazotazama Ziwa Kivu. Ulikuwa mji wa Wazungu kwelikweli: Waafrika walioujenga na kuufagia walipangiwa kuishi Kadutu na Bagira. Watoto waambiwe hilo palepale barabarani, la sivyo wataona kuta nzuri tu.

Kwanza bei ya kuyaona majumba ya aina hiyo kwa wenyewe, Brussels. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Baba, mama, mtoto wa miaka 8 na mdogo wake wa miaka 4 ni euro 225, na ukinyimwa viza hela hairudi. Ongeza bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Nauli hatujaigusa. Kwa familia nyingi za huku hesabu inaishia hapo, wala si jambo la kusikitikia.

Kuvuka kwa miguu ni habari nyingine. Rwanda, Kongo na Burundi zimo katika jumuiya ya CEPGL tangu 1976, ndiyo maana wakazi wa mpakani wamezoea kuvuka kwa karatasi nyepesi kuliko pasipoti. Lakini mtoto ndiye anayekwamisha familia dirishani. Usidhani kitambulisho chako kinambeba na yeye. Kamwombee hati yake kwenye tovuti ya Irembo mapema, na kama mzazi mmoja tu ndiye anayesafiri, awe na idhini ya mwenzake kwa maandishi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo, kwa kila kichwa.

Usafiri una mtego wake. Upande wa Rwanda moto, yaani teksi ya pikipiki, hubeba abiria mmoja tu, na kofia ya abiria haimkai mtoto wa miaka 5. Kwa hiyo moto, ambayo ni rahisi kwa mtu peke yake, haifai kwa familia: ni teksi au miguu. Ukishavuka, mtaa wa Nguba uko karibu, ila kutoka hapo kwenda barabara ya Lumumba na rasi ya La Botte kuna milima, na mtoto mdogo ataomba kubebwa kabla hamjaiona Hotel Résidence. Mimi ningekodi teksi ya nusu siku, bei ikubaliwe kabla mlango haujafungwa, kuliko kulipa kidogokidogo kila kona. Dola ziwe safi. Huko noti yenye hata mchaniko mdogo inakataliwa. Na mikate mnayonunua msirudi nayo kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008 na mtauacha mpakani.

Hadi hapa Bukavu inashinda kwa mbali. Kinachobadilisha hesabu ni kitu kisicho na bei ubaoni: itakugharimu nini ukitaka kurudi ghafla? Tangu tarehe 16 Februari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Benki zilifunga milango, na saa za mpaka hubadilika hali inapobadilika. Mfanyabiashara anayevuka kila asubuhi anajua kusoma dalili hizo, na akikwama ana pa kulala. Mama mwenye watoto wawili na begi la chupa za maji hana.

Upande wa Cyangugu mji wa zamani ni mdogo. Mtoto anayetaka majumba marefu atanung'unika, na ana haki. Lakini kutoka ufukweni nyumba za Bukavu zinaonekana wazi, na mzazi anayejua historia anaweza kuisimulia akizinyooshea kidole, bure. Hela iliyobaki iingie kwenye sahani ya sambaza za kukaanga, mkiwaambia watoto kwamba hata samaki hao ni wageni: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukipata gari, Mibirizi ina misheni ya mwaka 1903, na ndiko kahawa ya kwanza ya Rwanda ilikopandwa mwaka 1904. Historia ya Wazungu ipo hapo pia, ikiwa imevaa kanzu.

Mashua ya kwenda kisiwa cha Nkombo hupatikana kwa kupatana. Hapo usibane matumizi. Kwenye ziwa hilihili, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikaua watu wengi. Jaketi la kuokolea liwe la saizi ya mtoto, limfunge kifuani. Kama halipo, au chombo kimejaa, mbaki nchi kavu.

Uamuzi wangu: kwa matembezi tu, mwaka huu watoto wabaki Cyangugu, asubuhi moja ufukweni na alasiri moja Mibirizi. Mwenye ndugu Bukavu wa kumpokea, na hati za kila mtoto mkononi, avuke mapema, aende Nguba na La Botte basi, arudi kabla ya saa nane mchana. Kabla ya kutoka nyumbani, pigia mtu aliyevuka asubuhi hiyohiyo, si aliyevuka jana.