Kutalii na Kuzuru: Maneno Mawili kwa Msafiri wa Nyumba za Ibada

Mwalimu wa Ifakara, au wa po pote katika bonde la Kilombero, apatapo siku mbili za mapumziko, huenda akasafiri peke yake hata Bagamoyo ili azione nyumba za ibada za kale. Jambo hili ni jema. Lakini yafaa kwanza ayapime maneno mawili, kwa maana neno hutangulia mwenendo.

Neno la kwanza ni kutalii. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya zamani ni kusoma kwa kuchungua. Siku hizi mtalii ni mtu atembeaye nchi za watu kwa kujifurahisha, na ile maana ya kusoma imefifia. Neno la pili ni kuzuru, la Kiarabu vilevile, ndugu yake ziara. Watu wa pwani huzuru makaburi ya wazee wao. Yaani huenda kwa heshima, kama waendao kwa mwenyeji aliye hai. Basi mtalii hutazama kitu; mwenye kuzuru humwendea mtu.

Siku ya kwanza msafiri na aende Kaole, mwendo wa kilometa zipatazo 5 kusini ya mji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, pamoja na makaburi mengi. Mwanzo wake huhesabiwa kuwa karne ya 13. Makaburi mengine yana nguzo ndefu, zilizopambwa zamani kwa bakuli za kaure kutoka Uchina, zilizoletwa na biashara ya bahari. Mtalii huzihesabu nguzo akaondoka. Lakini liko kaburi ambalo watu hata leo huliendea kuomba na kuacha sadaka. Kwa hiyo neno gofu halitoshi: ukuta umeanguka, ziara haikuanguka.

Siku ya pili na aende misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambapo watu waliokombolewa utumwani walipewa makao. Katika kanisa la kwanza ulilazwa mwili wa David Livingstone, tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amefariki mwezi wa Mei 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia, na watumishi wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, waliuchukua mwili huo hata pwani. Kanisa kubwa lilijengwa baadaye, mwaka 1910 hata 1914. Asomaye mahali hapa asilisome jina moja tu, bali awakumbuke na wachukuzi.

Na mwenendo je? Msikiti, kwa asili ya neno, ni mahali pa kusujudu. Ndiyo maana viatu huachwa mlangoni. Mwislamu aingiapo makaburini huwatolea salamu waliolala humo. Hata mbali sana, katika Kyoto, uliokuwa mji mkuu wa Japani tangu mwaka 794 kwa zaidi ya miaka elfu, mgeni huvua viatu kabla ya kuingia kumbi nyingi za mahekalu ya Wabuddha. Desturi hizi zote ni namna za kupiga hodi, nalo jambo hilo mtoto wa kwetu hulijua kabla ya kujua kusoma.

Hapa pana somo la nyumbani. Wapogoro huwaita mizimu wa wazee wao mahoka, na ziko mahali ambapo mtu hapiti ovyo. Mwalimu awaambiaye wanafunzi kwamba hapo ni pori tu, ataonaje haya wakikanyaga makaburi ya Kaole? Hatuagizi ashiriki tambiko. Kila mtu ana imani yake. Twaomba aulize kwanza mwenyeji ni nani, apige hodi, kisha asome. Ndipo kutalii kutakaporudi kwenye maana yake ya kale, na kuzuru hakutapotea.