Kizazi cha Gielgud na Kazi Zisizoweza Kutazamwa Tena

David Garrick, aliyeongoza ukumbi wa Drury Lane jijini London kuanzia mwaka 1747 hadi 1776 na kubadili kabisa namna Waingereza walivyoigiza, alifariki mwezi Januari 1779 na kuzikwa katika Westminster Abbey, kanisa ambamo wafalme na malkia wa Uingereza huvikwa taji. Heshima hiyo ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kazi ambayo jamii ya wakati ule bado iliitazama kwa jicho la dharau. Hata hivyo, hakuna aliye hai anayeweza kueleza kwa hakika jinsi Garrick alivyoigiza, kwa sababu kilichobaki ni barua, maelezo ya waliomtazama na picha za kuchorwa, hasa ile ya William Hogarth inayomwonyesha akiwa mfalme Richard III, ilhali sauti yake, mwendo wake na jinsi alivyonyamaza kabla ya kutamka neno zito viliondoka pamoja naye. Mchoraji huacha turubai na mwandishi huacha kitabu, lakini kazi ya mwigizaji wa jukwaani hukamilika na kutoweka usiku uleule inapofanywa.

Jambo hilo ndilo linaloifanya kazi ya kuwakumbuka waigizaji wa Kiingereza waliokwisha kufariki kuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Henry Irving, ambaye mwaka 1895 alikuwa mwigizaji wa kwanza kupewa na ufalme heshima ya kuitwa Sir, alifariki mwaka 1905 mjini Bradford saa chache tu baada ya kushuka jukwaani, na majivu yake yakawekwa Westminster Abbey karibu na kaburi la Garrick. Mwenzake wa miaka mingi katika ukumbi wa Lyceum, Ellen Terry, aliyefariki mwaka 1928, ameacha nyumba huko Smallhythe, katika jimbo la Kent, ambayo sasa ni makumbusho, na humo limehifadhiwa gauni la kijani alilovaa mwaka 1888 akiwa Lady Macbeth, lililopambwa kwa mabawa ya mbawakavu yang'aayo kama vito. Gauni linaweza kutazamwa na kukarabatiwa. Uigizaji wa aliyelivaa hauwezi.

Kizazi kilichofuata ndicho kinachostahili kuzingatiwa zaidi, kwa kuwa kilisimama katikati ya nyakati mbili: wakati ambapo jukwaa lilikuwa kila kitu, na wakati ambapo filamu na televisheni zilianza kuamua nani atakumbukwa na kwa lipi. Wakuu wa kizazi hicho walikuwa Ralph Richardson, aliyezaliwa mwaka 1902, John Gielgud, aliyezaliwa mwaka 1904 akiwa mjukuu wa dada yake Ellen Terry, Laurence Olivier na Peggy Ashcroft, wote wawili waliozaliwa mwaka 1907, na Alec Guinness, mdogo wao, aliyezaliwa mwaka 1914.

Mwaka 1935, katika ukumbi wa New Theatre jijini London, ambao leo unaitwa Noël Coward Theatre, Gielgud aliongoza Romeo na Juliet kwa mpango usio wa kawaida: yeye na Olivier walibadilishana nafasi, mmoja akianza kuwa Romeo na mwingine akiwa Mercutio, rafiki wa Romeo, kisha wakageuzana baada ya wiki kadhaa, huku Ashcroft akiwa Juliet, Edith Evans akiwa yaya na kijana Guinness akiigiza nafasi ndogo ya muuza dawa. Gielgud aliyasema mashairi ya Shakespeare kwa mahadhi, akiilinda mizani ya kila mstari. Olivier aliyasema kana kwamba maneno yanamjia papo hapo, na baadhi ya wahakiki walimlaumu kwa kuuvunja ushairi huo. Mabishano yaliyozaliwa pale kuhusu iwapo mshairi asikike kwanza au mhusika aonekane kwanza yaliendelea kuugawa uigizaji wa Kiingereza kwa miongo mingi, nayo yangeweza kuamuliwa vizuri zaidi kama onyesho lenyewe lingekuwa limerekodiwa. Halikurekodiwa.

Ushindani huo haukuzuia kuheshimiana. Olivier alipoigiza Richard III mwaka 1944 kwa namna iliyoushangaza mji wote, Gielgud alimpa upanga ambao Edmund Kean, mwigizaji maarufu wa mwanzoni mwa karne ya 19, aliutumia katika nafasi hiyohiyo, na ambao ulikuwa umepitia mikononi mwa Irving kabla ya kufika katika ukoo wa Terry. Tendo hilo linaonyesha jinsi waigizaji hao walivyojiona: walikuwa warithi katika silsila, na kwa kuwa sanaa yenyewe haikuweza kurithishwa kwa maandishi, walirithishana vitu na mafunzo ya ana kwa ana.

Hasara kubwa kuliko zote pengine ni ile ya Richardson. Kati ya mwaka 1944 na 1947 yeye na Olivier, wakishirikiana na John Burrell, waliongoza kampuni ya Old Vic, iliyokuwa ikionyesha tamthilia kadhaa kwa zamu, leo hii na kesho ile, badala ya kurudia moja mpaka watazamaji wachoke. Ukumbi wao wa asili ulikuwa umeharibiwa kwa mabomu ya vita, kwa hiyo walihamia New Theatre, na hapo mwaka 1945 Richardson akamwigiza Falstaff, yule mzee mnene, mlevi, mwongo na mwenye akili nyingi anayemfundisha mrithi wa ufalme maisha ya mitaani katika tamthilia ya Shakespeare ya Henry IV. Wengi waliomtazama waliona kwamba Falstaff mwingine wa kiwango hicho hajapata kutokea. Richardson alifariki mwaka 1983 bila kamera kuwahi kuinasa kazi hiyo, na ndiyo maana watu wengi nje ya Uingereza hawalijui jina lake, ingawa walioshirikiana naye hawakumweka chini ya Olivier wala Gielgud.

Filamu iliwatendea wengine ukarimu mkubwa zaidi, japo ukarimu wenyewe haukuwa na uwiano. Gielgud aliigiza Hamlet jukwaani zaidi ya mara 500, lakini Tuzo ya Oscar aliipata kwa kuwa mtumishi wa nyumbani katika kichekesho cha Kimarekani kiitwacho Arthur, cha mwaka 1981. Msomaji wa Kiswahili anayemfahamu Shakespeare kupitia Juliasi Kaizari ya Julius Nyerere anaweza kumpata Gielgud mahali pazuri zaidi, yaani katika filamu ya Julius Caesar ya mwaka 1953, ambamo yeye ndiye Cassius, mchochezi wa njama ya kumuua Kaizari, na ambamo usemaji wake wa mashairi unasikika pamoja na ule wa Marlon Brando, aliyetoka katika shule tofauti kabisa ya uigizaji.

Guinness, kwa upande wake, alikuwa na kipaji cha kutoweka ndani ya mhusika. Katika Kind Hearts and Coronets ya mwaka 1949 aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja, mmoja wao akiwa mwanamke. Mwaka 1957 akawa kanali Mwingereza aliyefungwa na Wajapani katika The Bridge on the River Kwai, kazi iliyompatia Oscar. Na mwaka 1979 akawa George Smiley, jasusi mkimya wa tamthilia ya televisheni ya Tinker Tailor Soldier Spy. Alipofariki mwezi Agosti 2000, chini ya miezi mitatu baada ya Gielgud, watu wengi duniani walimjua kama mzee wa filamu ya Star Wars, na jambo hilo lilikuwa limemsumbua alipokuwa hai. Usumbufu wake unaeleweka, kwa maana uso wake katika Star Wars ni uleule ambao aliutumia maisha yake yote kuuficha.

Peggy Ashcroft ndiye aliyepungukiwa zaidi na kumbukumbu ya umma kuliko alivyostahili. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa Desdemona katika tamthilia ya Shakespeare ya Othello kwenye ukumbi wa Savoy, pamoja na Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji Mmarekani mweusi aliyekuwa Othello, wakati ambapo mwanamke Mzungu kumbusu mwanamume mweusi jukwaani lilikuwa jambo la kuwachukiza wengi; Robeson hakupata kuigiza nafasi hiyo katika kumbi za Broadway nchini Marekani hadi mwaka 1943. Baadaye Ashcroft alikuwa nguzo ya Royal Shakespeare Company tangu ilipoundwa mwaka 1961, na katika The Wars of the Roses ya mwaka 1963 alimwigiza malkia Margaret kutoka usichana wake hadi uzee wenye laana na uchungu. Dunia ilimgundua mwaka 1984 tu, kupitia filamu ya A Passage to India na mfululizo wa televisheni wa The Jewel in the Crown. Oscar ya filamu hiyo ilipotangazwa kuwa yake mwezi Machi 1985, naye akiwa na miaka 77, hakuwepo kuipokea, kwa kuwa alikuwa Uingereza kumzika mwigizaji mwenzake Michael Redgrave. Alifariki mwaka 1991.

Kuwakumbuka wasanii hawa kwa haki kunadai pia kutaja yale yasiyopendeza. Mwaka 1964 Olivier alimwigiza Othello huku amejipaka rangi nyeusi mwili mzima na kuiga sauti na mwendo aliodhani kuwa wa mtu mweusi, na filamu iliyotokana na onyesho hilo iliwapatia yeye na wenzake watatu, akiwemo Maggie Smith aliyekuwa Desdemona, uteuzi wa kuwania Oscar. Mtazamaji Mwafrika wa leo akiitazama filamu hiyo ataona ufundi mkubwa uliotumika vibaya, tena miaka 34 baada ya Robeson kuonyesha London kwamba kujipaka rangi hakukuwa na ulazima wowote. Ila Olivier huyohuyo ndiye mkurugenzi wa kwanza wa National Theatre, ukumbi wa taifa uliosubiriwa kwa zaidi ya karne moja na kuanza kazi mwaka 1963, na alipofariki mwaka 1989 majivu yake yaliwekwa Westminster Abbey.

Uingereza ina taratibu zake za kuwaenzi wasanii hawa. Katika kanisa la St Paul's la Covent Garden, linaloitwa kanisa la waigizaji, kuta zimejaa vibao vyenye majina yao. Majengo waliyoishi hupachikwa vibao vya buluu, lakini ni baada ya miaka 20 kupita tangu kufariki kwao, ili sifa ya msimu isichukuliwe kuwa sifa ya kudumu. Na taa za kumbi za West End jijini London hupunguzwa kwa dakika chache anapofariki mwigizaji mkubwa, kama ilivyofanyika kwa Maggie Smith mwaka 2024. Lenye manufaa zaidi kuliko yote ni uamuzi uliochelewa wa kurekodi maonyesho yenyewe, kwanza kwa ajili ya hifadhi ya makumbusho ya Victoria and Albert tangu mwaka 1992, kisha kwa ajili ya majumba ya sinema ya nchi nyingi tangu National Theatre ilipoanza kurusha maonyesho yake mwaka 2009.

Uamuzi huo haukuwafaa Richardson na wenzake. Mtu anayetaka kumkaribia Falstaff wa mwaka 1945 hana budi kusoma kwanza maelezo ya mhakiki Kenneth Tynan, ambaye alipokuwa bado kijana alimwona Richardson na kumwelezea katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1950, kisha atafute filamu ya Orson Welles iitwayo Chimes at Midnight, inayosimulia habari za Falstaff huyohuyo. Humo Welles mwenyewe ndiye Falstaff na Gielgud ndiye mfalme, lakini sauti inayosimulia historia, ya taratibu na yenye mshangao kidogo ndani yake, ni ya Ralph Richardson.