Menyu Moja, Vivinjari Vingi

Msafiri aliye ndani ya basi pale Korogwe, akitaka kujua kama nyumba fulani ya wageni kule Ushongo, kusini ya Pangani, ina chumba na kwa bei gani, hutoa simu mfukoni akafungua tovuti ya nyumba ile, na jambo la kwanza alitafutalo ni menyu, yaani ule mstari wa majina ulio juu ya ukurasa, umwongozao mgeni kwenye vyumba, bei, matembezi au mawasiliano. Menyu ikikataa kufunguka, yote yaliyomo ndani ni kama hayapo. Naye aghalabu hatauliza kosa ni la nani, bali atatafuta nyumba nyingine.

Ajabu ni kwamba menyu ile ile huenda imenyooka barabara katika kompyuta ya fundi aliyeitengeneza. Sababu ni kuwa ukurasa wa tovuti haumfikii msomaji ukiwa umekwisha kupambwa, bali huja pamoja na maagizo ya mitindo, yaitwayo CSS, ambayo Håkon Wium Lie aliyapendekeza mwaka 1994, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa Desemba 1996. Na kazi ya kuyasoma na kuyatekeleza maagizo hayo ni ya kivinjari kilichomo katika chombo cha msomaji, ilhali vivinjari vimeundwa na mafundi mbalimbali. Ni mfano wa washonaji wawili waliopewa kipimo kimoja cha kanzu, mmoja akahesabu pindo ndani ya kipimo, mwenziwe akaliongeza nje.

Kisa cha pindo kilitokea hasa. Tuseme menyu ina upana wa pikseli 1,000 na vifungu 5, kila kimoja kimepewa pikseli 200, pamoja na nafasi tupu ya pikseli 10 kila upande wa maandishi. Internet Explorer 5 ya Windows iliihesabu nafasi ile ndani ya zile 200, vifungu vyote vikaenea. Vivinjari vilivyofuata kanuni viliihesabu nje, kila kifungu kikafikia pikseli 220, jumla 1,100, na kile cha tano, kwa kukosa mahali, kikaanguka mstari wa pili. Dawa yake leo ni agizo fupi, `box-sizing: border-box`, livitakalo vivinjari vyote vihesabu kwa namna moja.

Maradhi ya pili ni ya menyu zenye majina yaliyofichwa. Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001, iliitikia agizo la kupitiwa na kishale cha kipanya kwa viungo tu. Basi fundi aliyeficha Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na Hifadhi ya Saadani chini ya kifungu cha «Matembezi», yafunuke kishale kipitapo, aliyaona yakifunuka kwingine na humo hayafunuki, mpaka aongeze programu ndogo ya kukisaidia. Internet Explorer yenyewe Microsoft iliistaafisha Juni 2022, lakini tatizo limerudi kwa sura nyingine, maana simu ya kugusa haina kishale, na kidole ama kimegusa kioo ama hakikugusa. Fauka ya hayo, Opera Mini, iliyoenezwa duniani mwaka 2006 na kupendwa sana Afrika kwa kupunguza matumizi ya bando, katika hali yake ya kubana zaidi huupanga ukurasa kwenye seva za mbali kabla ya kuuleta simuni, na menyu itegemeayo programu za kuendeshwa ndani ya simu yenyewe huweza kukwama.

Fundi mwenye busara hatungi maagizo ya pekee kwa kila kivinjari, kwani matoleo hubadilika kila mara na kazi hiyo haina mwisho. Huanza na orodha ya viungo vya kawaida, inayosomeka hata bila pambo lolote. Hukipa kifungu cha «Matembezi» ukurasa wake wenyewe, ili aligusaye jina hilo afike mahali. Kisha, kwa agizo la `@supports`, hukiuliza kivinjari kama kinaliweza pambo fulani, ndipo akipe. Mwisho huijaribu kazi yake katika simu za bei ndogo ziuzwazo madukani Tanga, wala haridhiki na kompyuta iliyo mezani pake.

Mwenye nyumba ya wageni naye ana wajibu: kabla ya kumlipa fundi, aazime simu za jamaa na majirani, za aina mbalimbali, aifungue menyu katika kila moja, na asipokee kazi mpaka kila jina lifike liendako. Ni insafu kwamba mwenye simu duni apate habari ile ile aipatayo mwenye simu ya thamani, kwani wote wawili ni wageni.